Kamera Mkono wa Kulia, Fotokopi Mkono wa Kushoto

Katika maduka mengi ya steshenari, yale yaliyojipanga karibu na mahakama na ofisi za serikali, jina moja huonekana mara mbili: kwenye kamera ya picha za pasipoti, na kwenye mashine ya fotokopi iliyo hatua mbili pembeni. Jina hilo ni Canon. Ni rahisi kudhani kwamba kampuni ya kamera ilijiongezea biashara nyingine, kama muuza nguo anavyoanza kuuza na viatu. Mimi naona hizo si biashara mbili. Fotokopi ni kamera inayopiga picha karatasi, na kilichoifikisha kwenye vibanda vya mtaani si ubora wa lenzi, bali ni kasha la plastiki lenye wino wa unga, lile tunaloliita katriji.

Kampuni hii ilianzia Tokyo mwaka 1933, na kamera yake ya majaribio ya mwaka 1934 iliitwa Kwanon, kwa jina la Kannon, mwenye rehema katika imani ya Kibudha. Kamera ya kwanza iliyoingia sokoni, mwaka 1936, ilikuwa na lenzi ya Nippon Kogaku, ambao leo tunawajua kama Nikon. Yaani mahasimu hawa wa leo walianza kwa kuazimana jicho. Mwaka 1967 rais wa kampuni, Takeshi Mitarai, ambaye kwa taaluma alikuwa daktari wa magonjwa ya wanawake, alitangaza mwelekeo mpya: kamera mkono wa kulia, mashine za ofisi mkono wa kushoto. Miaka miwili baadaye neno “Camera” likaondolewa kwenye jina la kampuni.

Tazama sasa kinachotendeka ndani ya fotokopi ya mtindo wa awali. Taa inamulika karatasi, mwanga unarudi kupitia vioo na lenzi, unatua juu ya silinda yenye chaji ya umeme ambayo mafundi huiita dramu. Palipo peupe chaji inapotea, penye herufi inabaki, na hapo ndipo unga unaponasa. Ukiitoa filamu kwenye kamera ukaweka dramu, umekaribia sana. Kwa hiyo watu waliojua kusaga lenzi hawakuwa wageni katika kazi hii. Kikwazo kilikuwa hataza za kampuni ya Xerox, na Canon ilibuni njia yake mwenyewe, ikatoa mashine ya NP-1100 mwaka 1970.

Lakini fotokopi za wakati huo zilikuwa kubwa, na zilihitaji fundi wa kuzisafisha na kuzibadilishia vipuri kila mara. Nani angeweza kumlipa fundi wa namna hiyo isipokuwa wizara na mabenki? Mwaka 1982 Canon ilitoa mashine ndogo, PC-10 na PC-20, ambazo dramu, unga na kisafishio chake vilifungwa pamoja ndani ya katriji moja. Unga ukiisha, unachomoa kasha na kuchomeka jingine, na vile vipuri vinavyochakaa haraka vinaondoka nalo. Mtindo huohuo ukaingia kwenye printa za leza: aliyenunua HP LaserJet ya kwanza, mwaka 1984, alikuwa akichapisha kwa mtambo wa ndani uliotoka Canon.

Atakayenipinga atasema mkono wa kushoto ulikaribia kumwangusha mwenye mwili. Ana haki. Vikokotoo navyo vilikuwa kazi ya mkono huo wa kushoto; vita vya bei zake viliiumiza kampuni, na mwaka 1975 ikashindwa kuwalipa wanahisa gawio. Tena Kodak, kampuni nyingine ya kamera, nayo iliwahi kutengeneza fotokopi, na bado mwaka 2012 iliomba hifadhi ya mahakama kwa kufilisika. Basi kuwa na bidhaa nyingi hakutoshi. Fotokopi za Kodak zililenga ofisi kubwa zenye kazi nyingi. Katriji ililenga mtu asiye na fundi, na watu hao ndio wengi.

Pingamizi zito zaidi ni la mwenye duka mwenyewe: kasha hilo lilimwondolea fundi, likamletea bwana mwingine. Mashine unaweza kuinunua kwa bei nafuu, halafu ukailipia miaka yote kupitia katriji. Hili sina la kulipinga. Ila sokoni mnyonge naye ana ujanja wake. Watu walianza kujaza katriji upya, na kwenye printa za wino wa maji wakatoboa na kuingiza mipira ya kuvuta wino kutoka kwenye chupa za nje. Kampuni ya Epson ikaanza kuuza printa zenye matangi Indonesia mwaka 2010, na Canon ikafuata mwaka 2015 na mfululizo wake wa G, ambao mnunuzi anamimina wino mwenyewe kutoka kwenye chupa. Kile ambacho mafundi wa vichochoroni walikuwa wakikifanya kwa bomba la sindano, sasa kinauzwa dukani kikiwa na waranti.