Jua, Homoni na Nimonia: Kwa Nini Lamu Ipime Kabla ya Kudhani



Maelezo ya msingi nitayapita upesi, kwani wengi wetu tunayafahamu. Vitamini D hutengenezwa na ngozi inapopigwa na jua, ikapitia ini na figo hadi ikawa homoni kamili. Chembe za kinga nazo huikamilisha zenyewe na kuitumia kuzalisha kathelisidini, protini inayoua vijidudu. Homoni za uzazi pia zina nafasi yake: estrojeni huelekea kuichochea kinga, testosteroni huipoza, na mimba huibadilisha. Wajawazito waliathirika vibaya katika mafua ya mwaka 1918 na ya 2009.

Tatizo lililonishughulisha kwa miaka ni kauli moja: Lamu ina jua mwaka mzima, basi upungufu wa vitamini D hautuhusu. Kauli hii ina ukweli nusu. Wamaasai na Wahadzabe waliopimwa Tanzania, katika utafiti wa mwaka 2012, walikuwa na wastani wa nanomoli 115 za vitamini D kwa lita ya damu, kiwango kizuri sana. Lakini hao hushinda nje mchana kutwa. Mvuvi wa Kizingitini huenda akafanana nao. Mama wa Mji wa Kale, anayeishi baina ya kuta nene na vichochoro vyembamba na kutoka akiwa amevaa buibui, hafanani nao. Mtoto wake hukaa ndani hadi arobaini, naye hunyonya maziwa ambayo kwa kawaida yana vitamini D kidogo. Uchambuzi wa tafiti za Afrika uliochapishwa mwaka 2020, ukiwashirikisha watafiti wa Kilifi, ulikuta takriban asilimia 18 ya watu wako chini ya nanomoli 30. Hata hivyo, katika utafiti mwingine, kati ya watoto wadogo wa nchi tano, Kenya ikiwemo, waliokuwa chini ya kiwango hicho hawakufika mmoja katika mia. Kwa hiyo jua lisitutulize, wala wastani wa bara usitutishe. Lililobaki ni kupima.

Wako watakaosema tugawe vidonge vya vitamini D kwa wote ili kuzuia nimonia, kwani havidhuru. Ni kweli kwamba huko Ethiopia, katika utafiti wa mwaka 1997, matege, ambayo ni dalili ya upungufu wa vitamini D, yalihusishwa na uwezekano wa nimonia wa takriban mara 13. Lakini kuhusishwa si kusababisha, na ugonjwa wenyewe unaweza kushusha kiwango cha vitamini D katika damu. Mjini Kabul, watoto wachanga walipewa uniti 100,000 kila miezi mitatu na nimonia haikupungua. Uchambuzi wa mwaka 2017, wa majaribio 25, ulionyesha maambukizi yakipungua kwa asilimia 12, nafuu kubwa ikiwa kwa wenye upungufu mkubwa waliopewa dozi ndogo kila siku au kila wiki. Majaribio mapya yalipoongezwa, nafuu hiyo ilififia. Deksamethasoni, dawa ya jamii ya homoni, inafundisha hilohilo: mwaka 2020 huko Uingereza ilipunguza vifo vya wagonjwa wa korona waliokuwa kwenye mashine za kupumulia kwa theluthi moja, lakini haikuwafaa wasiohitaji oksijeni. Swali ni nani, lini na kiasi gani.

Kwa heshima, napendekeza:

1. Kaunti, pamoja na watafiti wa Kilifi, ipime wajawazito na watoto wachanga wasio wagonjwa, katika Amu, Pate, Ndau na Kiwayu.
2. Mtoto mwenye matege achunguzwe na atibiwe mapema.
3. Dozi kubwa za mara moja zisitolewe kwa ajili ya kuzuia nimonia.
4. Deksamethasoni isitolewe kiholela kwa mwenye kikohozi.
5. Chanjo ya nimokoko, iliyoanza nchini mwaka 2011, imfikie kila mtoto wa kila kisiwa.
6. Zahanati za visiwani ziwe na kipima oksijeni na oksijeni yenyewe, kwani mgonjwa hungoja boti.
7. Narudia la kwanza: tupime.

 Naiomba kaunti iuingize upimaji huu katika mpango wa mwaka ujao.