Ua la Kiangazi

Mwezi wa Februari, mwaka mmoja, tulimzika mama aliyekuwa akipamba meza ya Bwana kila Jumapili. Nilikwenda katika bustani ya kanisa nimchumie maua. Sikupata hata moja. Kosa lilikuwa letu: tulipanda yote mwezi wa Aprili, mvua za masika ziliponyesha. Yalichanua pamoja, yakanyauka pamoja.

Tangu siku ile twapanda kwa kuhesabu miezi. Boganvilia ya ukutani haitaki maji mengi. Huchanua vizuri jua linapokuwa kali. Zinia huchukua kama miezi miwili kutoa maua, basi twapanda mbegu chache kila baada ya majuma matatu, na kuzimwagilia. Mjakaranda wa langoni huchanua Septemba na Oktoba, kabla ya vuli.

Ndugu zangu, kupanda wakati wa mvua ni rahisi. Lakini mwenye huzuni huja hata Februari. Je, atakuta nini kwako? Shika jembe leo, ukikumbuka kiangazi. Mungu awabariki.