Usiku Samaki Walipokataa Ndoano

Leo nitazungumza habari za uvuvi. Ninyi wa milimani, mnaomjua samaki akiwa tayari amekauka sokoni, msizime redio. Habari hii itawafikia na ninyi.

Mdogo wangu, mtoto wa mama yangu, tulikua naye hapa Baraka tukivuta nyavu pamoja. Sasa anaishi Ohio, Marekani, karibu na ziwa kubwa linaloitwa Erie. Mwaka jana, mwezi wa sita, alinitumia sauti kwenye WhatsApp. Kwetu ilikuwa saa kumi na mbili ya asubuhi, kwake saa sita ya usiku. Hakunisalimu. Alisema: "Yaya, nimefungwa. Uingie kwenye maombi."

Umefungwa na nani? Ndipo yakatoka yote. Alikuwa ameenda kuvua siku tatu mfululizo, jioni mpaka usiku, kwenye gati lenye taa. Huko wanapenda samaki wanayemwita besi. Ukimwona utamfananisha na sangala mdogo: mdomo mpana, miiba mgongoni, mwenye nguvu na hasira. Na samaki walikuwepo! Alisema maji yalikuwa yanachemka, kila mahali pwa, pwa, pwa, samaki wanapasua maji mbele ya miguu yake. Akatupa chambo chake kizuri cha plastiki, kirefu, kinachong'aa. Hakuna hata mmoja aliyekigusa. Usiku wa kwanza hivyo, wa pili hivyo, wa tatu hivyo.

Wiki ile ile, ndugu mmoja wa kanisa lao, mtu wa Bukavu, alikuwa anatuma picha za besi wakubwa kwenye kundi la simu. Na huyo ndiye aliyegombana na mdogo wangu juu ya likelemba. Siku ya ugomvi alimwambia neno moja: "Utaona." Basi mdogo wangu akapiga hesabu, na hesabu ikatoka sawa kabisa. Samaki wapo, mkono wangu haukamati, adui yangu anakamata. Ni yeye.

Nikiri mbele yenu: na mimi hesabu ile niliikubali. Nilichukua karatasi nikaandika jina la yule ndugu, nimpeleke kwenye maombi ya asubuhi kama mtu anayefunga wenzake. Wapendwa, mnajua karatasi za namna hiyo zinafika wapi. Jina likishasomwa mbele ya watu, halirudi mfukoni.

Sijui ni kwa nini, kabla ya kutoka nyumbani nilimwuliza swali la kivuvi tu. Maji yalikuwaje? Akajibu kama jambo dogo: "Maji ni mazuri. Wadudu tu ndio wanasumbua. Wamefunika taa, wamefunika ukuta, ninawakanyaga wanalia kama majani makavu."

Nikaiweka karatasi chini. Nikamwambia anitumie picha ya mdudu huyo, na siku zile nikaulizia habari zake kwa wanaomjua.

Ni mdudu mwembamba, mabawa yake amesimamisha kama tanga la mtumbwi, na mkia wa nyuzi ndefu. Waingereza wanamwita kwa jina la mwezi wa tano, ingawa kule Erie hutoka zaidi mwezi wa sita. Maisha yake yanashangaza. Mwaka mmoja, hata miwili, anakaa chini ya ziwa ndani ya tope, amechimba tundu lake, hakuna anayemwona. Kisha jua likizama siku moja ya joto, anapanda juu ya maji, anapasua ngozi, anaruka. Na hapandi peke yake. Wanapanda kwa mamilioni, mpaka mashine za kuangalia mvua zinaona wingu juu ya ziwa, na wingu hilo si la mvua. Barabara zinateleza kwa ajili ya maiti zao. Haumi mtu. Hali chochote, kwa maana akishapata mabawa hana mdomo wa kulia. Anabaki na siku moja au mbili za kutafuta mwenzake, kutaga mayai juu ya maji, na kufa.

Wenyeji hawalalamiki sana, wanafagia tu. Katika mwaka 1953, siku za joto na utulivu, maji ya chini upande wa magharibi wa ziwa lile yalikosa hewa, na wadudu hawa wakafa humo kwenye tope. Miaka karibu arobaini ilipita kabla hawajaanza kurudi kwa wingi, mwanzoni mwa miaka ya 1990, baada ya watu kupunguza uchafu waliokuwa wanaumwaga majini. Kwa hiyo mzee wa kule akiona ukuta wake umekuwa mweusi kwa wadudu, anajua ziwa linapumua.

Sasa mweke samaki katikati ya wingi huo. Chakula kinapanda chenyewe kutoka topeni, laini, hakikimbii, kinaanguka mpaka mdomoni. Kwa nini afukuze kitu kirefu cha plastiki kinachokimbia? Chambo cha mdogo wangu kilikuwa kimoja kati ya milioni, tena hakikufanana na yoyote. Samaki hawakumchukia. Walikuwa wameshiba.

Hapo nilicheka, kisha nikaona aibu, kwa maana jibu lake tulifundishwa sote wawili na baba. Usiku usio na mwezi tunawasha taa ziwani. Taa inaita ndagala. Lakini mukeke haji kwa ajili ya taa, anakuja kwa ajili ya ndagala, na anakaa chini yao, pembeni, penye giza. Anayetaka mukeke hatupi ndoano penye mwanga na kelele. Nikamwambia: huko ndagala wako ni nani? Ni nani anayekula wadudu, na yeye analiwa na besi?

Alikaa kimya. Kisha akasema: "Sijui. Anayejua ni yule."

Siku mbili alikataa kwenda. Siku ya tatu akaenda kugonga mlango wa mtu wa Bukavu. Yule ndugu alishangaa, akamkaribisha chai, wala hakuuliza kitu. Alfajiri wakaenda pamoja, mbali na gati, mbali na taa, kwenye ghuba yenye miti inayoinamia maji. Wadudu wa usiku walikuwa wamelala kwenye majani, upepo ukitikisa wanaanguka. Chini ya miti kulikuwa na samaki wadogo wapana, ukubwa wa kiganja, wanafanana na tilapia mchanga ingawa ni wa jamii moja na besi. Hao ndio walikuwa wanaokota wadudu. Mtu wa Bukavu akafunga chambo kifupi, kipana, chenye umbo la samaki hao. Akakitupa, si katikati yao, bali ukingoni, kwenye kivuli cha kina. Akakiacha kizame, akakivuta polepole, akasimama, akavuta tena.

Besi wa kwanza alikuwa wa mdogo wangu. Nimeisikia sauti ile mara nyingi: maji yanapigwa, mtu wa Bukavu anapiga kelele "Usilegeze! Usilegeze uzi!", na mdogo wangu anacheka kama mtoto wa miaka kumi. Walikamata wanne, wakarudisha wawili wadogo majini, kama wengi wanavyofanya huko.

Nilimwuliza: je, ulimwambia mwenzako ulichokuwa unamwazia? Alijibu kwamba likelemba wameimaliza, kila mtu amepata haki yake. Kuhusu lile lingine hajanijibu.

Na karatasi yangu niliichoma siku ile ile, kwenye jiko, kabla mama watoto hajaweka chai.