Simu Iliyobadilika Usiku

Twajua wengine wenu mmerudi sasa hivi kutoka kituo cha majani chai, mabega yakiuma kwa uzito wa kikapu. Vuteni viti, tuketi pamoja kwa dakika chache.

Leo twataka kuzungumza juu ya jambo linaloonekana dogo, lakini linalozusha manung'uniko katika nyumba nyingi. Ni habari ya simu janja na programu zake zinazobadilishwa kila mara. Mtu hulala akiijua simu yake kama anavyoijua njia ya kwenda mtoni. Asubuhi akiiwasha, kitufe alichokizoea kimehamia upande mwingine, rangi si ile, na mbele ya macho yake pana maandishi yanayomwambia akubali au asiendelee. Vijana huita jambo hili kuapdeti. Vitabuni huitwa kusasisha. Mama mmoja wa makamo akiulizwa atakuambia tu, "Wamenibadilishia simu."

Hebu tulitazame neno hilo. Wamenibadilishia. Ndani yake hamna chuki ya vitu vipya. Wazee wetu wa Kericho na Bomet si watu wa kuogopa vitu vipya. Huduma ya M-Pesa ilipoanza mwezi Machi 2007, haikuchukua miaka mingi kabla ya akina nyanya kupokea pesa kutoka kwa watoto wao walioko Nairobi, bila kupanda gari kwenda mjini. Mizani ya elektroniki ilipofika katika vituo vya majani chai, wakulima waliitilia shaka, wakaitazama, wakauliza maswali, kisha wakajifunza kusoma karatasi yake. Kwa hiyo kinachouma si upya wa kitu. Kinachouma ni kubadilishiwa kitu ulichojifunza kwa taabu, bila kuulizwa, na bila kuelezwa sababu.

Tena kuna gharama. Mwenye simu ya bei nafuu, yenye nafasi ndogo ya kuhifadhia vitu, huambiwa kwamba nafasi imekwisha. Basi hufuta picha za harusi na za wajukuu ili programu ipate pa kukaa. Aliyenunua bando la shilingi 20 apate kusema na mwanawe huona bando limekwisha kabla hajasema neno, kwa kuwa programu zimejisasisha zenyewe. Na ikiwa simu ni ya zamani mno, hufika siku ikakataliwa kabisa. Tangu mwezi Novemba 2021, kwa mfano, WhatsApp iliacha kuzihudumia simu zenye Android 4.0.4 na zilizo za chini ya hapo. Simu haikuvunjika, wala mwenyewe hakukosa lolote, ila mlango umefungwa.

Lakini, ndugu zetu, haki hutaka tusikilize upande wa pili pia. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Programu ni kazi ya mikono ya watu, nayo ina nyufa. Mwezi Mei 2019 iligunduliwa kwamba katika WhatsApp palikuwa na ufa ambao wapelelezi waliweza kuupitia wakaingia ndani ya simu ya mtu kwa kumpigia tu, hata kama hakupokea. Wenye WhatsApp wakawaomba watumiaji wao, waliokuwa kiasi cha bilioni 1.5 duniani kote, wasasishe mara moja. Miaka miwili kabla yake, mwezi Mei 2017, kirusi kilichoitwa WannaCry kilifunga kompyuta katika nchi nyingi, hata hospitali za Uingereza zikalazimika kuwarudisha wagonjwa. Dawa ya ufa ule ilikuwa imetolewa mwezi Machi mwaka ule ule. Wengi walioumia ni wale ambao hawakuwa wamesasisha.

Basi tuseme kila badiliko ni jema? La. Tarehe 19 Julai 2024 kampuni ya CrowdStrike, ambayo kazi yake ni kulinda kompyuta, ilitoa badiliko lenye kosa, na kompyuta kiasi cha milioni 8.5 zikaanguka, ndege nyingi zikabaki chini. Mwezi Desemba 2017 kampuni ya Apple ilikiri kwamba ilikuwa imepunguza kasi ya simu zake za zamani zenye betri zilizochakaa. Mwaka 2018 mamlaka ya ushindani ya Italia iliitoza faini Apple na Samsung kwa habari za namna hiyo hiyo, kwa kuwa watu walishawishiwa kusasisha bila kuambiwa kwamba simu zao zingeweza kuharibika mwendo. Kwa hiyo yule mama anayesema, "Simu yangu imekuwa nzito tangu waibadilishe," tusimcheke. Huenda aliona ukweli kabla ya wataalamu kuukiri.

Sisi watu wa chai tuna mfano wetu wenyewe. Mchai usipopogolewa hupanda juu, mkono usiufikie, na majani yake hupungua. Kwa hiyo kila baada ya miaka mitatu au minne mkulima huukata. Shamba hubaki vijiti vitupu, na kwa miezi kadhaa hakuna cha kupeleka kituoni. Ni hasara, ni maumivu, lakini mkulima halalamiki. Kwa nini? Kwa sababu anajua kwa nini amekata. Amechagua msimu mwenyewe. Tena hakati shamba lote kwa siku moja. Huacha sehemu ya kuchuma, watoto wapate karo. Badiliko lenye sababu, lenye majira yake, na lenye kumwachia mtu pa kushika, hilo mtu hulibeba.

Nalo badiliko lisilo na mambo hayo huzaa uchungu. Mwezi Mei 2023, huko Kericho, tuliona mashine za kuchumia chai zikiteketezwa katika maandamano. Hatuusifu moto ule. Na mambo yale yalikuwa mazito kuliko ya simu, maana ni riziki ya watu iliyoguswa. Lakini mzizi wa maneno yaliyosemwa siku zile mwaujua: yanafanywa juu yetu, hatuulizwi.

Basi tufanyeje? Kwanza, simu ikikuomba kusasisha, usiharakishe wala usikatae daima. Katika duka la programu pana mahali pa kuagiza kwamba zisasishwe tu mahali penye Wi-Fi, bando lako lisiliwe. Zile zinazoshika pesa na siri zako zitangulie. Ya michezo yaweza kungoja.

Pili, jihadhari na badiliko la uongo. Ujumbe ukikujia wakati wa bonasi ukisema bonyeza hapa usasishe akaunti yako, au mtu akikupigia akitaka namba yako ya siri ili "akusasishie", huyo ni mwizi. Sasisho la kweli hutoka katika duka la programu la simu yenyewe, wala haliombi namba ya siri kwa mdomo. Na mwenye simu ndogo ya vitufe asione haya: kwa *334# hutuma na kupokea pesa za M-Pesa bila kusasisha chochote.

Tatu, na hili ndilo zito kuliko yote, twawaambia ninyi vijana. Mzazi akikuletea simu na kusema, "Imebadilika, nionyeshe," usiinyakue mkononi mwake, ukabonyeza upesi upesi, ukamrudishia ukisema, "Si ni rahisi tu?" Umemsaidia leo, umemwacha mjinga kesho, na umemwaibisha. Wako wazee ambao wameacha kuuliza. Huvumilia kutosikia sauti ya mtoto aliye mbali, kwa kuogopa kuchekwa tu. Mwingine humpa kijana wa jirani namba yake ya siri, na pesa za majani chai za mwezi mzima zikapotea. Hasara hiyo haikuletwa na kampuni ya ng'ambo. Imeletwa na kukosa subira nyumbani.

Kumbuka nani alikufundisha kuchuma. Alikushika mkono akakuonyesha majani mawili na chipukizi, leo, kesho na kesho kutwa, na ulipochuma jani gumu hakukutupia kikapu. Acha kidole chake kibonyeze chenyewe. Kikikosea, ngoja. Akiuliza mara ya tatu, mjibu kama ni mara ya kwanza.

Programu zitabadilika tena mwezi ujao. Hilo hatuna uwezo wa kulizuia. Lakini mzazi wako asilale na hofu ya kuamka mgeni katika simu yake mwenyewe. Jioni hii, kabla ya kulala, mwulize: "Mama, simu yako inakusumbua wapi?" Kisha keti.