Kampuni Ilikwenda, Namba Zikabaki

Mgeni akishuka Nairobi na kuuliza jinsi ya kufika Kawangware, hatatajiwa barabara wala kampuni ya magari. Ataambiwa apande arobaini na sita, tena kwa Kiingereza cha steji, "foti siksi". Wa Buruburu ataelekezwa hamsini na nane. Wa Kangemi, ishirini na tatu. Wa Kibera, nane. Wa Ngong ataambiwa mia moja kumi na moja, na yule makanga atakuwa ameshamshika mkono hata kabla hajamaliza kuuliza.

Namba hizi hazikutungwa na wenye matatu. Waliozitumia kwanza ni Kenya Bus, kampuni iliyoanza kazi hapa mjini mwaka wa 1934 chini ya wenyewe waliokaa London. Mwaka wa 1966 Baraza la Jiji la Nairobi lilipewa robo ya hisa, na kampuni kwa upande wake ikapewa haki ya kubeba abiria wa mji huu peke yake. Mtu mwingine yeyote aliyebeba abiria kwa nauli alikuwa akivunja sheria. Wapo waliovunja, na inasemekana jina lao lilitokana na senti thelathini walizotoza, yaani vipande vitatu vya senti kumi kumi, vilivyoitwa kwa Kikuyu mang'otore matatu. Mwaka wa 1973 Mzee Jomo Kenyatta akawaruhusu wabebe watu bila leseni ya uchukuzi. Matatu zilipoingia barabarani kwa uhalali zilifuata njia zile zile za mabasi, na kwa kuwa abiria tayari walizijua njia kwa namba, zikachukua na namba pia. Hakuna aliyeziuza wala aliyezinunua.

Sisi tuliokulia upande wa Jogoo Road katika miaka ya themanini tulizijua namba hizo kabla ya kujua kuzidisha. Mama alifanya kazi Industrial Area. Alikuwa na basi lake la asubuhi, na dereva wake aliyemjua kwa sura, na alipanda kwa tiketi iliyochanwa mbele ya macho yake na kondakta mwenye mfuko wa ngozi. Nauli ilikuwa ile ile mvua inyeshe isinyeshe. Nasisitiza jambo hili kwa sababu vijana ninaofanya nao kazi studioni hawaliamini. Kwao ni kawaida wingu likijikusanya juu ya Upper Hill nauli ipande mara mbili, na mwenye kuuliza sababu aambiwe ashuke atembee. Zamani pia watu walitembea, tena wengi. Barabara za kuingia Industrial Area alfajiri zilijaa watu wa miguu, lakini walitembea kwa kukosa nauli, si kwa sababu ya mawingu.

Sisemi mabasi yale yalikuwa pepo. Yalichelewa, yalijaa mpaka mlango ukakataa kufunga, na saa za jioni ungeweza kuyahesabu matatu yakipita steji bila kusimama. Mwaka wa 1986 serikali ilileta mabasi ya Nyayo, yakiendeshwa na vijana wa National Youth Service, nauli yao ikiwa nafuu, na kwa muda tukadhani dhiki imekwisha. Kabla ya miaka ya tisini kuisha mabasi hayo yalikuwa yametoweka barabarani. Tuliyapenda, na yakafa kwa kukosa matengenezo.

Aliyenifundisha thamani ya namba hizi ni nyanya yangu, mama yake mama, ambaye hakuwahi kukaa darasani hata siku moja. Alikuwa akija kutoka Machakos mara mbili au tatu kwa mwaka kumtembelea binti yake mdogo aliyeolewa Ngong. Alishukia Country Bus, na kutoka pale ilimbidi afike katikati ya mji na kupanda basi jingine. Watoto wake walitaka apokelewe kila mara. Yeye hakutaka kupokelewa kama mzigo. Basi mama akamchorea kwa mkaa, kwenye ubao wa sanduku la chai. Nane, akamwambia, ni kibuyu kilichofungwa kiunoni. Hicho usikipande, kitakupeleka Kibera. Tisa ni kata ya kuchotea maji iliyoinuliwa mkono chini. Hiyo ni ya Eastleigh, iache. Ya Ngong ni vijiti vitatu vilivyosimama. Ukiona viwili, si yako. Ukiona vitatu, panda, ukae, usishuke mpaka basi lenyewe liishe safari.

"Vijiti vitatu," alisema nyanya, na tangu siku hiyo akasafiri peke yake. Nilimsindikiza mara moja nikiwa na miaka tisa, nikijidai mwenyeji kwa kuwa nilijua kusoma. Nilianza kumsomea yaliyoandikwa juu ya kioo cha mbele. Akanikatiza. "Mjukuu wangu, hayo maandishi ni yako. Mimi basi langu nimeliona tangu liko kule." Na kweli alikuwa ameliona, maana namba iliandikwa kubwa, nyeupe juu ya nyeusi, pale pale palipoandikwa namba ya kila basi. Mwanamke asiyejua herufi moja alivuka mji mkuu wa Kenya bila kumuuliza mtu. Alikuwa akilisema jambo hilo kijijini kwa majivuno kuliko alivyosema habari za ng'ombe wake.

Rangi nazo zilikuwa na kazi yake. Mwaka wa 1991 kampuni ya Stagecoach ya Scotland iliinunua Kenya Bus, na mabasi yakapakwa rangi zao za kwao: mwili mweupe, na mistari ya machungwa, nyekundu na buluu. Watu wazima walinung'unika kwamba tumerudishwa kwa wakoloni. Sisi wanafunzi wa sekondari tuliona ni mabasi safi yenye viti vipya, na ile mistari ungeitambua kutoka ng'ambo ya mzunguko wa barabara. Wakati huo huo matatu zilikuwa zikichorwa wanamuziki wa Marekani na wachezaji kandanda wa Ulaya, na redio zake zikitikisa vioo vya maduka ya River Road. Nitakuwa mnafiki nikisema sikuzipenda. Kijana wa wakati ule angeweza kuziacha manyanga nne zipite akingoja ile yenye muziki wake. Stagecoach haikuweza kushindana na hayo, wala na mashimo ya barabara, na mwaka wa 1998 ikawauzia Wakenya ikaenda zake. Jina la Kenya Bus lilirudi baadaye kwa mtindo mwingine, likisimamia magari ya watu binafsi, lakini yale mabasi ya tiketi ya mfukoni yalikuwa yamekwisha.

Kisha ikaja tarehe 1 Februari 2004. Waziri wa Uchukuzi, John Michuki, aliamuru kila matatu iwe na mikanda ya viti, kidhibiti mwendo cha kilomita 80 kwa saa, na mstari wa manjano kuzunguka mwili mzima wenye maandishi ya njia inayopita. Michoro ikafutwa. Kwa siku kadhaa watu walitembea kwa miguu kwa sababu magari mengi hayakuwa tayari. Vijana waliona mji umevuliwa nguo. Mimi niliona jambo jingine: kwa mara ya kwanza serikali ilikuwa imeagiza kwamba gari liseme waziwazi linakokwenda. Miaka kumi hivi baadaye michoro ilirudi, tena kwa baraka za Ikulu, na ule mstari ukaanza kumezwa na sura za wanamuziki. Michoro ni kazi ya sanaa na vijana wengi hula kutokana nayo, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni mahali namba ilipoishia.

Maana namba zenyewe hazina mwenyewe. Wasomi wa Chuo Kikuu cha Nairobi pamoja na wenzao wa vyuo vya Marekani walipotaka kuchora ramani ya njia za matatu, iliwabidi wanafunzi wapande magari hayo simu mkononi, wakifuatisha kila kona na kila steji. Wakapata njia zaidi ya mia moja, na nyingi bado zilibeba namba za Kenya Bus. Mji mzima ulikuwa ukiendeshwa kwa kumbukumbu ya abiria na makanga. Ni sifa kubwa kwa abiria, na aibu kwa wanaolipwa mshahara kupanga usafiri.

Ombi langu kwa wakuu wa kaunti na wenye sako ni dogo, wala halihitaji mkopo wa Benki ya Dunia. Namba iandikwe mbele na nyuma, kwa tarakimu za urefu wa mkono, kwa rangi moja kwa magari yote, na asiyeandika asipewe steji. Mchoraji aachiwe sehemu iliyobaki ya gari lote, apake malaika au mapepo apendavyo.

Jioni moja hivi karibuni nilikuwa Railways, magari ya Ngong yakipiga honi. Likaingia basi lililopakwa rangi za kupendeza kweli, taa za buluu chini, simba mkubwa ubavuni. Namba ilikuwa kwenye kikaratasi nyuma ya kioo, na jua la magharibi lilikuwa limekigeuza kioo chote kuwa dhahabu. Mzee mmoja mwenye bakora alinigusa bega. "Kijana, hili laenda wapi?" Nikamwambia sioni. Tukasimama wote wawili kumngoja makanga ashuke atuambie.