Fakitire ya figo: tuisome mustari kwa mustari

(Maneno ya muweka-feza wetu mu mukutano mukubwa, Lubumbashi)



Wakati mafigo ya mudogo wangu yaliacha kufanya kazi, tuliandikia lopitalo moja mu India. Ikatuma fakitire ya mustari mumoja: jumla. Tukachanga, tukauzisha kiwanja, tukalipa. Kisha upasuaji, njo fakitire zingine zikafika: ya munganga wa kulalisha, ya vipimo vya dada yetu aliyetoa figo, ya dawa. Hatukuwa tumeuliza.

Kwa hiyo naomba kanuni mbili.

Ya kwanza: sanduku yetu isilipe jumla tupu. Tuone bei ya kila munganga: mupasuaji wa mugonjwa, mupasuaji wa mwenye kutoa, wa figo, wa kulalisha. Tuulize pia: malipo ya mupasuaji inafika siku ngapi za kufuatilia mugonjwa? Kule Marekani, Medicare inahesabia siku 90 ndani ya malipo yake, na hesabu ya mwenye kutoa figo inalipwa vilevile. Tuulize bei na karibu zaidi: Muhimbili, Dar es Salaam, wanapandikiza figo tangu 2017. Tena tusisahau dawa za kuzuia mwili usikatae figo. Zile ni za kila siku, muda wote figo inafanya kazi.

Ya pili: mwenye kutoa figo naye ahesabiwe. Wengine wanaogopa: tukimurudishia nauli na siku za kazi alizokosa, si tumenunua figo? Hapana. Sheria ya India ya 1994 inakataza kununua kiungo, lakini haihesabu kuwa malipo gharama na mapato ambayo mutu alipoteza kwa sababu ya kutoa. Tamko la Istanbul la 2008 nalo linatenga vitu hivi viwili. Gharama yenye karatasi, turudishe. Bila karatasi, inaanza kufanana na bei.

Dada yetu alikaa miezi bila kufungua meza yake ku soko. Hakuna aliyemurudishia hata franga moja, na hakulalamika. Mimi njo nilikuwa naandika hesabu ya familia, na jina lake sikuliweka.

Leo naomba muinue mikono, tuliweke.