Kumlinda Mtumishi Anayefichua Rushwa Kazini

Mada iliyowasilishwa katika kikao cha Wakuu wa Idara na Vitengo, Maafisa Watendaji wa Kata na watumishi wa masijala, ukumbi wa Halmashauri



Zipo kazi ambazo mtu mmoja tu, tena wa cheo cha chini, ndiye huuona ukweli ukipita mbele yake. Mtunza stoo ndiye ahesabuye mifuko ya saruji inaposhushwa penye ujenzi wa darasa. Hati ya kupokelea mali ikisema mifuko 300 ilhali gari limeshusha 200, yeye ndiye wa kwanza kujua na mara nyingi wa mwisho kuulizwa. Mkaguzi atakapofika miezi kadhaa baadaye, atakuta leja imesawazishwa, sahihi za kamati ya mapokezi zimekamilika na kuta zimekwisha kupigwa lipu. Mifuko 100 iliyopungua itakuwa vigumu kuidai ukutani.

Ndiyo maana Serikali humtegemea sana mtumishi wa namna hiyo aseme. Lakini kabla hajasema, hujiuliza jambo moja ambalo mabango ya kupinga rushwa hayalijibu: kesho asubuhi atakapoingia ofisini, itakuwaje?

Nchi jirani ya Kenya inalo jibu la kusikitisha. Mwanzoni mwa miaka ya 1990, David Munyakei alikuwa karani kijana katika Benki Kuu ya nchi hiyo. Mezani kwake zilipita hati za malipo ya kampuni ya Goldenberg International, iliyodai kuuza dhahabu na almasi ng'ambo na kulipwa na Serikali fidia ya asilimia 35 ya thamani ya mauzo hayo. Kenya haikuwa nchi ya kuchimba almasi, na dhahabu yake ilikuwa kidogo. Karani huyo aliona hesabu haziingii akilini, akazipeleka hati kwa wabunge wa upinzani, na mwaka 1993 jambo likafika Bungeni. Yeye alikamatwa na kushtakiwa kwa kutoa siri za Serikali. Mashtaka hayakusimama, ila kazi ilikwisha kupotea, naye akahamia Mombasa kutafuta maisha mengine. Tume ya Jaji Samuel Bosire, iliyoundwa mwaka 2003, ilimwita kutoa ushahidi, na mwaka 2004 shirika la Transparency International lilimtunuku kwa uadilifu wake. Alifariki mwaka 2006 akiwa maskini, bila kurudishwa kwenye ajira yake.

Katika kisa hicho, aliyesema alikuwa mkweli, na ukweli wake ulithibitika. Haukumsaidia chochote. Kilichomwangusha ni kwamba alijulikana mapema, na kwamba waliomjua walikuwa na uwezo wa kumwondoa kazini.

Tanzania imekwisha kuweka kinga kwa maandishi. Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inataka jina la mtoa taarifa lihifadhiwe. Mwaka 2015 Bunge lilitunga sheria mahsusi ya kuwalinda watoa taarifa na mashahidi, inayokataza mtumishi kufukuzwa, kusimamishwa, kunyimwa cheo, kuhamishwa au kusumbuliwa kwa sababu ametoa taarifa kwa nia njema, na inayotambua pia fidia na zawadi. Taarifa yaweza kupelekwa kwa mkuu wa taasisi. Na mkuu huyo akiwa ndiye mtuhumiwa, basi kwa aliye juu yake. Kwa makosa ya rushwa mlango wa TAKUKURU uko wazi, na simu yake ya bure ni 113.

Jambo moja lisipotajwa hapa litaleta madhara. Kinga hiyo inamfuata mtu aliyepeleka taarifa kwa mamlaka husika. Mtumishi anayepiga picha hati ya malipo na kuirusha kwenye kundi la WhatsApp la mtaa hajatoa taarifa kwa maana ya sheria. Amejianika mwenyewe, na huenda amempa mtuhumiwa nafasi ya kuchoma ushahidi kabla wachunguzi hawajafika.

Hata hivyo sheria haikai ofisini saa za kazi. Wanaokaa ofisini ni watu, na siri nyingi hupotea kwa mazoea kuliko kwa hila. Barua yenye tuhuma inafika masijala ya wazi, inafunguliwa pamoja na maombi ya likizo, inaandikwa katika rejesta ikiwa na jina la mwandishi na kichwa cha habari, kisha inachukuliwa na mhudumu ikiwa wazi mkononi hadi kwa Mkurugenzi. Kufikia hapo wameisoma watu wanne, na hakuna hata mmoja aliyekusudia ubaya. Mchana, kwenye chai, mkuu wa idara anayetuhumiwa anajua kila kitu. Barua ya aina hiyo ni ya masijala ya siri tangu bahasha inapofunguliwa. Aliyeifungua ndiye aifunge tena, na rejesta ibebe namba pasipo jina. Dokezo la kumtaka mtuhumiwa atoe maelezo liandikwe upya kwa maneno ya ofisi. Kunakili maneno ya mlalamikaji neno kwa neno ni sawa na kumtaja, kwa kuwa katika ofisi ya watu kumi kila mtu anajua nani huandika vipi. Hata idadi hutaja: kama mtu mmoja tu ndiye aliyehesabu mifuko ile, swali lisianze na mifuko. Lianze na stoo zote za kata, au na ukaguzi wa kawaida wa robo mwaka.

Uhamisho nao unahitaji kutazamwa kwa jicho kali. Mwajiri anayo haki ya kumhamisha mtumishi, na kwa sababu hiyo hakuna silaha iliyo safi kama hiyo. Mhasibu aliyetoa taarifa mwezi wa tatu akapelekwa kata ya pembezoni mwezi wa nne hawezi kusema amefukuzwa. Mshahara wake upo, cheo chake kipo. Ila wenzake waliobaki wamekwisha kusoma ujumbe. Njia ya haki ni kwamba uhamisho, kushushwa majukumu au barua ya onyo inayomhusu mtu aliyetoa taarifa ipitishwe na ngazi isiyotajwa katika tuhuma, na sababu yake iandikwe katika jalada kabla ya barua kusainiwa, si baada ya kuulizwa. Mtumishi anayeona ameonewa aanze kutunza nakala na tarehe mapema; nidhamu na rufaa za watumishi wa umma zina njia yake hadi Tume ya Utumishi wa Umma, na huko tarehe husema kwa sauti.

Wapo wanaouliza, na wana haki ya kuuliza, kuhusu mtumishi mwenye chuki anayebuni tuhuma ili kummaliza mkubwa wake. Huyo hana kinga: sheria humlinda mwenye sababu za kuridhisha za kuamini anachosema. Kukosea kwa nia njema ni jambo tofauti na kutunga uongo, na wakuu wa idara wasizichanganye, maana mtunza stoo hana uwezo wa kuchunguza akaunti za benki za mzabuni. Kazi yake ni kusema alichoona. Anayetuhumiwa naye ni mtumishi, na jina lake lihifadhiwe kwa uangalifu uleule hadi uchunguzi ukamilike.

Limebaki suala la masanduku ya maoni. Mengi yametundikwa karibu na mlango wa mkuu wa ofisi, na ufunguo u mikononi mwake au mwa katibu muhtasi wake. Mwananchi atalitumia kusifu usafi wa choo. Mtumishi wa ndani hatalitumia kabisa. Sanduku lihamishiwe mahali watu wanapopita bila kutazamwa, liwe na kufuli mbili, ufunguo mmoja kwa Mkaguzi wa Ndani na mwingine kwa mjumbe wa Kamati ya Kudhibiti Uadilifu anayetoka idara nyingine, na siku ya kulifungua ibandikwe ubaoni. Fundi seremala wa Halmashauri anaweza kuifanya kazi hiyo kwa muda mfupi.